Wimbo Mzima Kabla ya Asante

Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2024. Mbuvi Ngutu, mpiga gitaa kutoka Tseikuru, alianza kupiga saa kumi kamili alasiri, kwenye tamasha la muziki lililofanyika katika uwanja mmoja wa Kawangware. Jambo hilo limethibitishwa kwa vyanzo viwili: programu iliyochapishwa, ambayo Hope Nduku ameihifadhi ndani ya Biblia yake, na video aliyoirekodi kwa simu, yenye tarehe na saa.

Hope ndiye aliyenunua tiketi tatu kwa mshahara wake wa kwanza. Moja ilikuwa yake, ya pili ya mama yake, Magdaline Aluoch, na ya tatu ya baba yake, Kilonzo Kimanzi, ambaye ndiye ninayemwandika hapa. Hizo nyingine mbili, kama Hope alivyoniambia, zilikuwa za kumsindikiza.

Kilonzo alizaliwa Katse, kaskazini mwa Kitui, mwaka 1968. Alifika Nairobi akiwa na miaka ishirini, akaishi Kawangware kwa miaka sita, kisha akahamia Kibera, ambako hadi leo anatengeneza redio na spika katika kibanda kilicho kando ya barabara ya kuelekea Nyayo Highrise. Kibanda hicho kina kanuni moja isiyoandikwa popote lakini inayojulikana na kila mteja: hakuna kusema asante mpaka chombo kilichotengenezwa kicheze wimbo mmoja mzima. Anayeharakisha kushukuru hukatizwa. "Ngoja. Bado hujui kama nimekusaidia." Naye Kilonzo hujifunga kwa kanuni hiyo hiyo. Hushukuru akishajaribu, na kisichomridhisha hakishukuru, hata kama kimetoka kwa mtu wa nyumbani.

Tangu alipofungua kibanda, wimbo wa kujaribia ulikuwa mmoja tu: wimbo wa Wanza, wa huyo Mbuvi Ngutu, kutoka kwenye kaseti aliyokuja nayo kutoka Kawangware. Mbuvi alitoa santuri nne tu, akarudi kwao kulima, na nyimbo zake zikabaki mikononi mwa wenye kaseti. Wimbo wenyewe una sehemu mbili. Katika ya kwanza mwimbaji anamwomba Wanza aache kumsubiri kisimani. Katika ya pili maneno yanakwisha na gitaa linashika mbio peke yake. Kilonzo aliamini, na alimwambia kila aliyekaa kwenye benchi lake, kwamba hakuna binadamu mwingine aliyewahi kupiga gitaa upesi kiasi hicho.

Magdaline hakuwahi kukubali. Yeye ni mzaliwa wa Homa Bay na alilelewa kwa benga ya ziwani, na kwa miaka yote ya ndoa yao amekuwa na maelezo yale yale kuhusu muziki wa mumewe: mtu anayekimbizwa na nyuki. Hope, kwa upande wake, hakuupenda muziki wa baba wala wa mama. Alimpenda kijana mmoja wa kufoka kutoka Kayole, na alikuwa akijua mistari yake yote.

Siku ya tamasha, kijana huyo wa Kayole alipangiwa saa nane. Alipanda jukwaani saa kumi na moja, akaiacha sauti yake iliyorekodiwa iimbe kwa niaba yake, na kazi yake ikawa kuwaelekezea watu kipaza sauti. Hope aliimba mistari miwili akanyamaza. Magdaline alifurahishwa na bendi ya tarumbeta ya wanafunzi ambao hakuna aliyekuwa amewajia. Anawataja mpaka sasa. Lakini hayo yote yalikuwa pembeni. Waliyekuwa wamemjia ni Mbuvi.

Alikuja na kofia na wenzake wawili wa zamani, akaketi kwenye kiti, akaanza wimbo wa Wanza. Sauti ilikuwa nzito, gitaa likaenda taratibu. Mbele ya jukwaa palikuwa na Wakamba wa Kawangware waliokuwa wakiucheza wimbo huo tangu ujana wao. Bi Kanini, muuza mboga mwenye umri wa miaka sabini na moja, aliniambia kwamba mguu wake ulishuka kabla ya muziki kufika. "Nilidhani ni mimi nimezeeka," alisema. "Nikatazama wengine. Sote tumesimama kama watu wanaongojea maji ya mfereji."

Magdaline alimsogelea mumewe. "Baba Hope, nyuki wamelala?"

"Nyamaza kwanza. Anapasha vidole."

"Sehemu ya kwanza yote ni ya kupasha vidole?"

Sehemu ya pili ilipofika, gitaa likapanda kidogo, lakini mbio zile hazikutokea. Hope, ambaye alikuwa amenyanyua simu akirekodi, alimgeukia baba yake. Katika video anasikika akiuliza, "Dadi, si ndiye huyu?"

"Ndiye," Kilonzo anasikika akijibu. "Lakini si yeye."

Walipotoka langoni Hope aliuliza tena, "Umefurahia, Dadi?"

"Nimeona," alisema Kilonzo.

Hope alirudi kwake Soweto East, na kwa miezi mitatu iliyofuata alimpigia simu mama yake tu. Krismasi alifika, akala, akaosha vyombo, akaondoka. Mtu anaweza kudhani alikuwa akidai shukrani, lakini maelezo yake mwenyewe ni tofauti, nami nayanukuu kama yalivyo: "Kabla ya zawadi yangu Dadi alikuwa na wimbo. Baada yake hana. Ni kama nilimwibia nikiwa nimevaa nguo za kanisani."

Hakukosea, kwa maana tangu Jumatatu ya tarehe 11 Novemba kaseti ya Mbuvi ilikaa ndani ya droo. Kilonzo aliwatangazia wote waliopita kwamba vidole vya mzee vimekwisha na kwamba heri angebaki Tseikuru na mbaazi zake. Redio zilizopona zilijaribiwa kwa taarifa ya habari. Jirani yake Collins, muuza vifuniko vya simu, hakumwacha apumzike.

"Niaje, fundi. Leo tena ni bunge? Hii redio imepona ama imeajiriwa serikalini?"

"Inasikika, haisikiki?"

"Inasikika. Ndiyo shida."

Mimi nilifika kibandani Jumanne, tarehe 18 Februari 2025, bila kujua lolote kati ya hayo. Nilikuwa nikikusanya kumbukumbu za watu waliowahi kufanya kazi katika vibanda vya kunakili kaseti Kawangware, na jina la Kilonzo nilipewa na Bi Kanini. Nilikuwa nimebeba mashine ndogo ya santuri na santuri yenyewe ya wimbo wa Wanza, niliyoazimwa na mkusanyaji mmoja wa Machakos, nikitumaini kwamba ingemsaidia kukumbuka. Nikaweka upande wa pili, ule wa gitaa peke yake.

Kilonzo alisikiliza kidogo, kisha akanyoosha mkono. "Mwalimu, mashine yako ni mgonjwa. Inaburuta. Acha niifungue."

Nilimwambia ilikaguliwa wiki iliyotangulia. Alinitazama kwa huruma, jinsi mafundi wanavyowatazama watu waliokaguliwa vitu vyao na wengine. Akainua sahani inayobeba santuri, akafuta mafuta, akasafisha shafti ya mota kwa pamba na spiriti, akarudisha kila kitu, akacheza tena. Gitaa likaenda vile vile. Ndipo akainama kutazama nukta zilizochorwa ukingoni mwa sahani, ambazo kila fundi wa zamani anazijua: zikimulikwa na taa yake ndogo, huonekana zimesimama tuli ikiwa mashine inazunguka kwa kasi inayotakiwa. Zilikuwa zimesimama.

Aliinua sahani mara ya pili. Safari hii hakugusa kitu. Aliitazama shafti, akaiwekea ncha ya kidole, akakaa hivyo.

"Hapa," alisema. "Hapa ndipo nilifunga tepu."

Nilichokiandika siku hiyo ni hiki. Mwaka 1990 Kilonzo alikuwa fundi katika kibanda cha Nicanor Shivachi huko Kawangware. Nicanor alikuwa na mashine moja ya santuri, na kutoka kwake watu wa Kitui na Machakos waliokaa upande ule walinunua kaseti za nyimbo zilizonakiliwa. Asubuhi moja Nicanor alimwambia, "Kilonzo, hii mashine inachelewa. Izungushie tepu kidogo kwenye shafti." Kilonzo alizungusha tepu ya umeme. Unene ukiongezeka pale, sahani huzunguka upesi zaidi. Nicanor alisikiliza, akamwagiza aongeze kipande, akasikiliza tena, akasema, "Hapo! Acha hapo hapo." Tepu haikutolewa tena. Kilonzo, kijana aliyetoka kijiji ambamo redio zilihesabika, hakuwa amewahi kumsikia Mbuvi kabla ya kibanda hicho. Wengi wa wateja pia.

Tulitoa kaseti kwenye droo tukapima. Upande huo wa santuri ni dakika mbili na sekunde arobaini na tano. Kwenye kaseti ni dakika mbili na nusu, na sauti yote imepanda juu.

"Mkono ni wangu," Kilonzo alisema. "Nimemtukana mzee wa watu mbele ya barabara nzima, na mkono ni wangu."

Hata hivyo, ni mtu wa kujaribu kabla ya kusema. Huenda santuri ilikuwa ya taratibu na bado Mbuvi akawa amechoka jukwaani. Ushahidi wa pekee ulikuwa kwenye simu ya Hope. Akapiga mbele yangu.

"Hope, ile video bado iko?"

"Iko, Dadi."

"Kuja nayo Jumapili."

"Kuna nini?"

"Kuja nayo tu. Na uje na njaa, mama yako anapika."

Jumapili tarehe 23 Februari tulikuwa wanne katika chumba chao, baada ya ibada. Kilonzo alimweleza binti yake habari ya tepu, kwa ufupi, bila kumtazama usoni. Kisha akaweka sindano kwenye santuri, na Hope akaanzisha video kwa wakati mmoja, kwenye sehemu ya pili. Magitaa mawili yakaondoka pamoja: Mbuvi wa miaka ya ujana wake na Mbuvi wa miaka sabini na minne kwenye kiti, na katikati ya video sauti ya Kilonzo mwenyewe ikisema si yeye. Yalimalizika yakiwa yamepishana kwa sekunde mbili.

Kilonzo aliacha sindano ifike mwisho kabisa na kuinuka. Wimbo ulikuwa umechezwa mzima.

"Asante, Hope," alisema. "Ulinipeleka mbele ya Mbuvi mwenyewe, akapiga sawasawa, na mimi sikujua."

Hope alikuwa anafuta kioo cha simu ambacho hakikuwa na uchafu. "Dadi. Miezi mitatu?"

"Nilikuwa bado naijaribu."

Magdaline alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Hope alijizuia kwa muda, kisha naye akashindwa. Alikiri wakati wa kula kwamba kijana wake wa Kayole alikuwa amemtia aibu kuliko Mbuvi alivyomtia baba yake, na kwamba yeye hakuwa na tepu ya kusingizia.

Sitaki msomaji adhani kwamba siku hiyo walikubaliana. Tulipokwisha kucheza na upande wa kwanza wa santuri, nilimuuliza kila mmoja ni ipi anayoipenda, ya santuri au ya kaseti. Hope alichagua ile ya santuri, kwa sababu kwa mara ya kwanza alisikia maneno ya sehemu ya kwanza, akamuuliza baba yake maana ya mawili matatu ya Kikamba ambayo hakuwa amewahi kuyauliza. Kilonzo alisema santuri ni sahihi na atamtetea Mbuvi popote, ila moyo wake uko kwenye kaseti. Ameizoea, ilimkuta akiwa mgeni hapa mjini, na miguu yake haijui nyingine. Magdaline alisema zote ni kelele. "Lakini ile ya nyuki nimeizoea. Hii nyumba imekuwa kama zahanati. Turudishie nyuki."

Siku iliyofuata Kilonzo alisimama mbele ya kibanda na kuwaambia Collins na waliokuwa kwenye benchi kwamba alimkosea Mbuvi Ngutu, na akaeleza jinsi alivyomkosea. Kisha akatengeneza redio ya mama mmoja wa Highrise na kuijaribu kwa kaseti. Collins alipiga mluzi. Yule mama akafungua mdomo kushukuru, akaambiwa angoje.

Mwezi Machi, kupitia jamaa wa bendi, nilizungumza na Mbuvi kwa simu nikamfikishia ombi la msamaha la fundi. Alicheka. "Kumbe ndiyo sababu watu wa Nairobi walikuwa wananitazama hivyo," alisema. "Mwambie asante. Miaka yote hiyo ni nani mwingine alikuwa ananipiga kila siku?" Nilipompelekea Kilonzo maneno hayo, aliniomba niyarudie, akayaandika kwa kalamu ndani ya kifuniko cha kaseti.

Nicanor Shivachi alifariki mwaka 2009, na mashine yake haijapatikana. Bi Kanini anasema aliiharakisha ili nyimbo za dakika thelathini na tatu zitoshe upande mmoja wa kaseti, ambao ni wa dakika thelathini. Kilonzo anasema mwajiri wake aliamini kweli kwamba mashine inachelewa. Mjane wa Nicanor anakumbuka tu kwamba mumewe alipenda kucheza. Kwa nini Nicanor alisema "acha hapo hapo", haijulikani.