Kipoyi cha Chama

Niliwadharau watu wa vyama vyote viwili, na niliwadharau kwa raha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kwenye kilima kimoja karibu na Muheto, na kwa kuwa sikuwa na kadi ya chama chochote, nilijiona ndiye mtu pekee mwenye akili kijijini.

Kwetu mgonjwa hubebwa kwa kipoyi, yaani machela ya miti miwili na kitambaa, hadi kituo cha afya, na kila nyumba hutoa mwanamume wa kubeba. Ilikuwa hivyo tangu nizaliwe. Kisha ukaja uchaguzi. Mgombea mmoja akatuletea kipoyi kipya, kitambaa chake kimechapwa uso wake, mashavu yanang'aa, mashavu ya mtu asiyewahi kula maharagwe bila mafuta. Wapinzani wake wakaapa kwamba hakuna mtu wao atakayelala juu ya uso ule. Wao watabaki na kipoyi cha zamani. Basi wapumbavu hao, wa pande zote mbili, wakaja kwangu niwaandikie orodha mbili za wabebaji. Nikaziandika kwa mwandiko wangu mzuri huku nikicheka moyoni.

Mwezi haukuisha, mama yangu akateleza shambani akavunjika mguu. Ilikuwa siku ya soko na wanaume wengi walikuwa wameshaondoka. Waliobaki walikuwa sita, watatu wa chama hiki na watatu wa kile, na kipoyi kinataka wabebaji wanne pamoja na wa kuwapokea zamu. Kile cha zamani kilikuwa na mti uliooza. Wakaleta kipya, wakasimama kubishana juu ya kitambaa huku mama analia katikati ya maharagwe. Nilitamani kuwatemea mate. Mwishowe wakakubaliana kukigeuza ili uso wa mgombea utazame tope. Hekima yao yote ilifika hapo.

Tukaondoka. Mbele walishika wakubwa wa pande mbili: muuza duka aliyehamia kwetu kutoka mji wa Butembo, na mkulima wa kilima chetu. Mimi nilifuata nyuma nimebeba viatu vya mama, nikisubiri watukanane.

Walibishana kweli. Lakini wa mbele ndio huwaonya wa nyuma njia ilivyo, na pumzi ya kupanda kilima haitoshi kumpigia mwenzako kelele. Kila mmoja alilazimika kumngoja mwingine amalize.

"Papa, batu benu balisema bataleta barabara," mkulima akasema, akimwita kwa heshima kama baba. "Iko wapi? Jiwe, kushoto!"

"Haiko, nakubali," muuza duka akajibu. "Lakini benu nabo balikuwa mu kiti mbele yetu. Balitengeneza nini?"

"Hapo unasema kweli, papa. Matope, tupunguze mwendo."

Upole ule uliniudhi kuliko matusi. Nikacheka kwa sauti.

"Muangalie banasiasa!" nikasema. "Kesho mutakunjiana ngumi tena."

Mama akafungua macho. Jasho la maumivu lilikuwa limemjaa usoni.

"Hawa banabishana, lakini bananibeba," akasema. "Weye, mutoto wangu, tangu kule shambani unabeba viatu tu."

Hakuna aliyecheka. Nilisikia aibu mpaka masikioni. Nikampa mmoja wa waliokuwa wakingoja zamu vile viatu, nikamwomba mkulima anipishe. Akanipisha bila swali. Mti ulikaa juu ya mfupa wa bega, nikaenda nao mpaka kwenye kona ya kwanza, goti likakunjika, kipoyi kikainama na mama akapiga ukelele.

"Pole, mwalimu," mkulima akasema, akauchukua mti.

Alisema kwa heshima kabisa. Kisha akamgeukia muuza duka wakaendelea na habari ya barabara, na mimi nikarudi nyuma nikachukua tena viatu vya mama.