Gari Nililolinyanyua

Mama mkwe wangu alikuwa na presha, dawa zake zilikuwa hospitalini Biharamulo, na mwenye gari la kumfikisha huko nilikuwa mimi. Kila mwezi mara moja. Nalisema hili mwanzoni ili mtu asije akadhani nasimulia habari za matairi tu, ingawa matairi nayo yamo.

Kwao ni Ngara. Hakujaliwa mtoto wa kiume, na mumewe alipofariki, mke wangu alimleta kwetu Bisibo tukamjengea kijumba upande wa pili wa migomba. Kwetu mkwe wa kiume hamgusi mama mkwe. Hampi mkono, hali naye sahani moja, hamtazami usoni. Nilikuwa nikikutana naye njiani nasogea pembeni na kuinama, "Shikamoo mama," naye anaitika, "Marahaba baba," huku kajivuta kanga mpaka kidevuni. Ndoa yangu ina miaka kumi na mitatu na sura yake nilikuwa naijua kwa kuibiaibia.

Ila ndani ya pikapu tulikuwa watu wengine kabisa. Mle mnatazama mbele wote wawili, hakuna anayelazimika kumwangalia mwenzake. Mke wangu ni mwalimu, siku za kliniki yuko darasani, kwa hiyo tulikuwa wawili tu. Tukishaingia barabara kubwa, mama anaanza. Alinisimulia alivyokuwa akiuza ndizi mbivu Rusumo kwa madereva wa malori waliosubiri kuvuka mpaka, na mumewe alivyokuwa mbishi mpaka akabishana na padri. Na kunitania alinitania. "Baba, mbona unaendesha kama umeliiba?" Nacheka nikitazama barabara, yeye anacheka akitazama dirishani. Nilimpenda yule mama. Sikuwahi kumwambia, maana kwetu hayo hayasemwi.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya kawaida, pua chini kidogo, nyuma juu kidogo. Ndivyo zinavyoundwa: ukipakia magunia nyuma inashuka, gari linakaa sawa. Nilikuwa nalijua hilo vizuri tu. Lakini siku moja nimepeleka maharage Rusumo, nikaiona pikapu ya wakala mmoja wa forodha. Mbele imenyanyuliwa, matairi makubwa ya kashata, yale yenye meno, yamejaa kwenye madigadi, watu wanaizunguka. Jamani! Nilivyorudi kulitazama langu niliona kuku aliyeinama kudonoa.

Fundi wangu wa Biharamulo hakunificha. "Bosi, spesa za kuinyanyua mbele naweka, na matairi makubwa yataingia. Ila gari litakuwa gumu. Na kupanda itabidi ujivute."

Nikamkatiza. "Kwani mimi bibi kizee?"

Akacheka, nami nikacheka. Kicheko kile nakikumbuka mpaka leo na kinaniudhi.

Wiki ya kwanza nilijiona nimeukata. Vijana wa senta walipiga miluzi, nami nikawa napunguza mwendo makusudi ili wanione vizuri. Wiki ya pili nikaanza kuonja. Usukani ulikuwa mzito, breki zilichelewa kushika, na nikikata kona kuingia nyumbani matairi yanasugua madigadi. Nikipakia mahindi nyuma inabonyea, pua inaelekea mbinguni, taa zinamulika vilele vya miti. Na mashimo! Mashimo ambayo zamani shokapu ziliyameza, sasa yalikuja moja kwa moja mpaka kwenye meno. Sikumwambia mtu. Ningeanzia wapi, baada ya mbwembwe zote zile?

Siku ya kliniki ikafika. Mama alikuja na kadi yake ameifunga kwenye pindo la kanga kama kawaida. Nikamfungulia mlango. Kiti kilichokuwa kikimfika kiunoni sasa kilikuwa kifuani kwake. Akainua mguu, akaushusha. Akajaribu tena. Alichohitaji ni mtu wa kumshika kiwiko, basi. Kiwiko tu! Na mimi mwenye mikono miwili nimesimama hapo natazama migomba.

Nikaenda kuchukua kreti la soda, nikaligeuza juu chini, nikampa mgongo kama inavyotakiwa. Nikamsikia anahema. Kisha kreti likapinduka. Nilipogeuka alikuwa ananing'inia kwenye mlango, kanga imepanda juu ya goti. Nikageuka tena haraka, nikaanza kumpigia kelele jirani yetu mwanamke aliyekuwa akipalilia. Akaja mbio, akamsukuma mpaka akaingia. Uso wake sikuuona, lakini aibu yake niliisikia.

Safari ile hatukuzungumza. Alishika kishikio kwa mikono miwili, na kila shimo alisema kwa sauti ndogo, "Mungu wangu." Tulipokuwa tunarudi aliomba ashuke barabarani, mbali na nyumbani. "Nitatembea, baba. Nanyoosha miguu." Jua lilikuwa kali. Nikamwacha.

Mwezi uliofuata nilipopiga honi hakutoka. Aliniitikia kutoka ndani, "Usijisumbue, baba. Mwanangu atanichukulia dawa." Mama mkwe hahojiwi. Na nikisema nilinyamaza kwa ajili ya heshima tu nitakuwa mwongo. Nilifurahi. Niliona nimeepushwa na lile kreti, na ule mgongo, na zile "Mungu wangu" zake. Kumbe mke wangu naye alikuwa akiambiwa, "Mkwe wangu ananipeleka." Kila mmoja wetu akatulia, akijua mwenzake analishughulikia.

Ilikuwa asubuhi, miezi minne baadaye. Nilikuwa natia maji kwenye rejeta nikasikia ungo umeanguka upande wa mama. Nilimkuta juu ya mkeka wa maharage, mdomo umekwenda upande, mkono mmoja haufanyi kazi. Nikaita. Nikaita tena. Watu wote walikuwa mashambani, na mke wangu shuleni.

Nikambeba mwenyewe. Alikuwa mwepesi, hilo lilinishtua. Mkono wake uliobaki mzima ukatafuta kanga, ukaivuta ukafunika uso, asione ni mkwe wake aliyembeba.

Kufika kwenye gari, nikakuta nililolijenga. Kiti kile juu, na mimi nimebeba mtu. Nilijaribu mara mbili. Mara ya tatu nilimsukumia ndani kwa bega, kama gunia. Nikasema, "Mama, nisamehe." Nikafunga mlango, nikawasha gari. Njiani sikujua nifanye nini: nikienda pole pole nitachelewa, nikikimbiza kila shimo linampigisha kichwa kwenye kioo. Nilikimbiza. Nilisikia kila pigo.

Hospitalini muuguzi alifungua kadi yake, akatutazama. Mke wangu, niliyempigia simu, alikuwa ameshafika kwa pikipiki, chaki bado ziko mikononi.

"Mbona miezi minne hii hajachukua dawa?" muuguzi akauliza.

Mke wangu akanigeukia. "Si ulikuwa unamleta?"

"Si wewe ulikuwa unamchukulia?"

Mama alifariki siku ya tatu.

Seremala alipokuwa anapigilia jeneza, mimi nilikuwa gereji. Nikamwambia fundi, "Toa spesa zote. Nirudishie matairi yangu ya zamani."

"Leo, bosi? Na msiba huu?"

"Leo. Mama anasafiri."

Alitaka kuzikwa Ngara kando ya mumewe. Tukaweka jeneza nyuma, ndugu wakakaa pembeni yake, na kwa uzito ule gari likakaa sawa kama lilivyoundwa. Lilikwenda vizuri mno. Malori ya Rusumo yalitupita, mashimo yalipita chini yetu bila kelele, na mke wangu alikaa dirishani, pale alipokuwa akikaa mama yake. Nikaanza kusema nikitazama mbele. Nilisema yote, habari za kreti, kiwiko, jinsi nilivyofurahi alipokataa kupanda, na kwamba nilimpenda mama. Machozi yalinitoka mbele ya mke wangu na sikujali.

Mke wangu akasema, naye akitazama mbele, "Alikuwa akiniambia kwamba siku za kliniki ndizo siku anazokuwa na mtoto wa kiume."

Tukaenda kidogo. Akaniuliza, bila ukali wowote, "Hivi ulilinyanyua la nini?"

Nikapunguza mwendo, tukaingia Ngara. Watu walikuja kushusha jeneza, wakalifikia bila shida.