Bibi Mmoja wa Kitabu

Baba yangu alikuwa na wake wawili, na mmoja wao hakumtafuta mwenyewe. Kaka mkubwa wa baba alipokufa kule Kilembwe, wazee walimkabidhi baba mjane huyo, kama ilivyo desturi yetu Wabembe, naye akampokea. Mimi nilimwita mama mkubwa. Kwa kuwa alikuwa mjane wa kaka, ndiye aliyetangulia kwa heshima nyumbani, ingawa mama aliyenizaa aliolewa na baba kabla yake. Waliishi vizuri, wakitwanga muhogo pamoja na kunicheka kwa uvivu wangu. Tulikaa kambini Lulimba, baba akichimba dhahabu ya Wazungu.

Zamani kambi ilimtibu mchimbaji peke yake. Mke na watoto shauri yao. Miaka ile ya hamsini ikaja sheria mpya: mwenye kazi atamtibu mfanyakazi, bibi yake na watoto wake. Tulifurahi, wajinga sisi! Bamama wa kambi walipiga vigelegele.

Karani akaja na kitabu, akapita nyumba kwa nyumba. Akamuuliza baba, "Bibi yako ni nani?"

Sasa, kwetu ukiulizwa hivyo humtaji mdogo kabla ya mkubwa. Ni matusi kwa aliye hai na kwa marehemu kaka pia. Baba akasema, "Mukubwa ni huyu," akamwonyesha mama mkubwa. Akafungua kinywa amtaje na mama. Lo! Karani alikwisha kuandika na kupiga mstari.

"Bibi ni mumoja tu. Sheria ya sasa haitaki babili. Na batoto?"

Baba akanisogeza mbele, nikaandikwa chini ya mama mkubwa. Mama alikuwa amesimama palepale, unga mikononi. Heshima! Hata leo neno hilo linanichefua.

Mvua zilipoanza, mama akashikwa na kikohozi, ubavu ukamchoma, akatema damu. Muganga wa kambi akafungua kitabu.

"Huyu haiko."

Baba akapiga magoti, mwanamume mzima. Mama mkubwa akasema, "Futa mie, andika huyu. Mie niko muzima." Muganga akajibu kwamba yeye haandiki, anasoma tu, tumwone karani. Karani akasema majina yamekwisha kutumwa kwa wakubwa, tungoje mwaka mwingine. "Maji yakimwagika hayazoleki," akatuambia, na akacheka kidogo. Nilimchukia. Namchukia bado.

Wanaume wanne wakambeba mama mabegani kwa kipoyi, machela ya miti, wampeleke lopitali ya serikali huko Fizi, safari ya siku mbili na milima. Hakufika. Walimzika kando ya barabara, kwenye kijiji cha watu wasiotujua, na baba akarudi kazini kesho yake, maana asingerudi angefukuzwa.

Hata juma halijaisha, kikohozi kilekile kikanishika mimi. Mama mkubwa akanibeba mgongoni hadi kwa muganga yuleyule. Akafungua kitabu, akafuata mistari kwa kidole, kisha akanitazama.

"Mama yako ni nani?"

Nilikuwa mdogo, lakini sikuwa mjinga. Nilijua jibu gani lina dawa. Nikamwonyesha mama mkubwa, nikasema, "Ni huyu."

Akanipiga sindano papo hapo.