Niliizuia Pikapu Getini, Ndege ya Samaki Ikatuhama

Nilikosa. Sitafuti wakili, wala sitaki mtu aniambie eti shetani alinipitia. Shetani hakuwa uwanjani siku ile. Nilikuwa mimi, na akili zangu timamu, na roho mbaya niliyoilea mwenyewe.

Miaka ya tisini nilikuwa msimamizi wa uwanja mdogo wa ndege nje ya mji wa Homa Bay. Usifikirie lami na taa. Ilikuwa njia moja ya murram, uzio wa seng'enge, geti, na ng'ombe waliodhani nyasi za pale zilipandwa kwa ajili yao. Ndege ikitua, inarudi kwa njia ile ile kufika tunapopakia. Kwa hivyo mbili zikitaka kutembea kwa wakati mmoja, moja lazima ingoje, injini ikinguruma na kunywa mafuta bure.

Kabla yangu palikuwa na vurugu tupu! Pikapu za samaki zinagombania mlango wa ndege, waagaji wamejaa njiani, rubani ameshawasha injini na kreti bado zinapimwa. Mimi ndiye niliyeleta utaratibu. Pikapu zikae nje ya geti mpaka niite moja moja. Rubani asiguse injini mpaka mzigo wote uwe ndani na njia iwe tupu. Nikiinua bendera ya kijani, anawasha na kuondoka. Ndege zikaacha kuchelewa, marubani wakanisifu kwamba nawaokolea mafuta. Sifa hizo zilinivimbisha kichwa, nikaanza kuona geti lile ni la baba yangu.

Mke wangu naye alikula kupitia uwanja huo. Alikuwa na kikundi cha akina mama waliosafisha mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, na kuwapanga kwenye barafu, ndege ya Ijumaa ikawabeba hadi Nairobi. Lakini ndege hiyo ya Ijumaa ilikuwa imeanza kuchelewa tena, na tajiri wake alikuwa amechoka nasi. Alishamtuma rubani atuambie kwamba tukimchelewesha tena, atatafuta samaki kwingine. Asubuhi ile mke wangu alinisimamisha mlangoni.

"Baba Awuor, leo tafadhali hiyo ndege isichelewe. Ikituhama, mimi nitafanya nini? Nitauza nini?"

Nikamwambia atulie, mimi ndiye mwenye uwanja. Yawa!

Sasa nikwambie kuhusu adui yangu. Nitamwita Joram. Alileta samaki kutoka Sori kwa pikapu yake, na nilimchukia mpaka kikohozi chake. Sababu? Alimwoa Apiyo, msichana niliyemtaka mimi. Apiyo akaacha kanisa letu la Katoliki, akamfuata kwa Wasabato, na hakugeuka nyuma. Mke wangu hakulijua hilo. Nilimwambia simpendi Joram kwa sababu ya maringo yake.

Joram alikuwa na shida moja, siku ya Ijumaa. Jua likitua Sabato imeingia, na hagusi kazi. Kwa hivyo kila Ijumaa nilimweka wa mwisho! Anafika wa kwanza, namwita wa mwisho. Anatazama jua, ananitazama mimi, nami nazungusha bendera kama mtu asiye na haraka ya dunia hii. Nilifurahi. Naona aibu kuandika, lakini nilifurahi sana.

Ijumaa hiyo matope yalimchelewesha. Kreti za akina mama zilikuwa zimeshapanda. Alipofika getini rubani alikuwa bado amesimama chini, injini zimezimwa, njia tupu. Kumpakia kungekuwa kazi ndogo tu. Nikafunga geti kwa kufuli!

"Omera, ndugu yangu, fungua," akasema. "Unajua samaki yangu iko kwa mpango ya leo."

"Umechelewa. Ndege imejaa."

"Imejaa aje na mimi ndio nimebeba nusu ya mzigo? Kwani nimekukosea nini?"

Nikamwendea rubani, nikamdanganya kwamba gari la Sori limeharibika njiani, aende tu. Nikainua bendera. Akawasha injini, akaanza kutembea kuelekea mwisho wa njia ili ageuze.

Hapo Joram akakanyaga mafuta. Geti lilikuwa la mabomba membamba, likaruka! Pikapu ikaja mbio mpaka katikati ya njia ya ndege. Akaizima, akashuka, akakaa juu ya boneti.

"Haiendi! Mpaka hii samaki ipande!"

Mtu mwenye akili angemwashiria rubani azime injini, kreti zipakiwe, mambo yaishe. Mimi? Nilimkimbilia Joram nikamkaba shati. Tukatukanana kwa Kijaluo na kwa Kiswahili, tukasukumana mbele ya ndege inayonguruma, huku ng'ombe wakiingia kwa geti lililovunjika. Ndege nyingine ilikuwa imefika na wageni wake, ikawa inazunguka juu yetu, haina pa kutua. Rubani wetu alidhani ni jambo la kuisha mara moja, akangoja bila kuzima. Naye alikuja na mafuta ya kumrudisha tu, maana akijaza zaidi samaki wanakosa nafasi.

Akina mama ndio walitutenganisha. Ng'ombe wakafukuzwa, pikapu ikaondolewa, rubani wetu akasogea pembeni, ile ndege ya wageni ikatua. Kisha rubani wetu akazima na kushuka. Alinijia kwa hasira.

"Mafuta yangu imekwisha hapa chini! Haitanifikisha. Na hiyo mvua ya ziwa inakuja. Siwezi kwenda kufa huko juu kwa sababu yenu."

Uwanjani hatukuwa na mafuta ya ndege. Ndege ikalala pale. Joram akatazama jua, akamtupia dereva wa pikapu nyingine ufunguo wa pikapu yake akatafute barafu ya kreti zote, zake na za akina mama, kisha akaondoka kwa miguu. Hata wema huo uliniudhi! Barafu iliyopatikana haikutosha. Kesho yake samaki walikuwa wananuka, na akina mama wakawafukia nyuma ya uzio. Mke wangu alikuwa kati yao, ameshika jembe.

Ndege ilipoletewa mafuta ikaondoka, na haikurudi tena. Mimi nikafukuzwa kazi, na nilistahili.

Lakini mke wangu alinitetea! Aliwaambia watu wazi kwamba Joram ni mwendawazimu, amevunja geti, ametuharibia riziki. Akafunga safari hadi Sori kwenda kumgombeza. Aliyemfungulia mlango ni Apiyo, na Apiyo akamweleza yote bila kuficha.

Aliporudi hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Mimi nilidhani unagombania kazi," akasema. "Kumbe unagombania bibi ya mtu. Mimi nabeba samaki kwa kichwa, nakuombea kwa Mungu, na wewe uko hapo getini unamlilia Apiyo?"

Nikamwambia nilikosa, anisamehe.

"Kukosa ni mara moja, Baba Awuor. Wewe ulikuwa unafanya kila Ijumaa."

Akachukua watoto, akaenda Kehancha kwa dada yake. Anauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Nimemfuata mara nyingi. Ananipa kiti, ananipa chai, ananiuliza habari za safari kama anavyomwuliza mgeni yeyote. Nikimaliza chai ananisindikiza hadi barabarani.

Ninyi mliopewa geti lolote, la uwanja, la ofisi, la hospitali, nisikieni! Adui yako akisimama nje, mfungulie upesi. Sikwambii umpende. Mimi Joram simpendi hata leo, nikimwona navuka barabara. Lakini ukimfungia yeye, tazama kwanza ni nani wako aliyekwisha kuingia ndani na kreti zake, akikuamini.