Paa la Marsiana

Marsiana alianza kuanika dagaa kijijini Mwamgongo, kando ya ziwa, akiwa msichana. Kelele za kijito kilichopita nyuma ya nyumba alikuwa amezizoea, hata hazisikii. Kisha mvua za Machi zikaporomosha mlima. Maji yalishuka na mawe makubwa, yakabeba jiko, chanja za dagaa na ukuta mzima. Yeye na mama mkwe wake, bibi Veneranda, walitoroka kupitia dirishani. Tangu hapo akawa anasikia kila kitu. Hata boti ikinguruma ziwani, anasimama kwanza.

Kijiji kilikubaliana kuwajengea upya, pale juu karibu na kanisa, wote waliokaa kando ya korongo. Wanawake wa msikitini na wa kanisani walipandisha mawe yaleyale ya mafuriko yakawa msingi. Jirani yao Amuri, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Kongo, alikuwa amepoteza mashine ya boti na nusu ya nyumba, lakini kila asubuhi alikuja na nyundo.

"Baba Shadia, na kwako atajenga nani?" Marsiana alimwuliza Amuri.

"Kwangu paa lipo, limelala tu. Lete misumari."

Siku ya kuezeka, wingu jeusi likatua mlimani. Kijijini halikudondoka hata tone, lakini Marsiana alijua mvua ya huko juu inafikia wapi. Akageuka kumtazama mama mkwe. Kigoda alichokuwa amekalia kilikuwa kitupu.

"Bibi yuko wapi?"

"Kasema anamfuata kuku wake anayeatamia kule chini," alijibu Elida, aliyekuwa akiwapikia mafundi uji.

Marsiana alitimua mbio. Amuri akaruka kutoka kwenye kenchi za paa, akamfuata. Walimkuta bibi amechuchumaa ndani ya nyumba iliyobomoka.

"Mama, twende! Maji yanakuja!"

"Kijito hiki nakijua wewe hujazaliwa. Punguza kelele, kuku atasusa mayai."

"Shikamoo bibi, unisamehe," Amuri alisema, akambeba mgongoni, kuku akipigapiga mbawa katikati yao.

Walikuwa hawajamaliza kupanda mteremko mawe yalipoanza kugongana bondeni. Watu waliokuwa juu wakashuka wameshikana mikono, wakawavuta mmoja mmoja. Nyuma yao nyumba ya zamani ikaketi majini kama mtu aliyechoka.

Hakuna aliyeondoka. Mvua ilipofika kijijini, waliezeka huku wamelowa. Bibi alinuna mpaka jioni, kisha akamwambia Amuri, "Mayai umeyaacha." Watu wakacheka, lakini Marsiana alikuwa bado anatazama mlimani.

Baadaye Marsiana naye alibeba mawe kwenda kwa Amuri, na nyumba ile ikasimama. Ila hadi leo mlima ukiwa mweusi, huepua sufuria, akatoka mlangoni na kuwaita majirani kwa majina, kila nyumba, mpaka wote waitikie.