Nilimnyima Mama Kanda ya Kumuse ya Baba

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Rafiki zangu wachache wanaoijua habari hii huniambia, "Pole, hukujua." Nilijua! Niliombwa kwa lugha ninayoielewa, na mama aliyenizaa, na mdomo uliosema hapana ni huu huu wangu.

Jina langu niachie. Kabuchai watu wanajuana, na Mama hajanishtaki kwa mtu yeyote. Sitaki majirani waanze kumpelekea maneno. Wewe nisikilize tu.

Miaka ile nilikuwa nikifanya kazi katika maktaba ya shule moja mjini Kitale. Kazi yenyewe ilikuwa kupiga vitabu mihuri, kupanga rafu na kufukuza wanafunzi wanaokuja kulala. Cheti sikuwa nacho. Niliona wenye vyeti wakija juzi na kunipita, nikaapa nami nitasoma. Kuacha kazi niende kukaa chuoni sikuweza, kwa hiyo nilijiunga na stashahada ya ukutubi na usimamizi wa habari kwa njia ya mtandao. Mwalimu yuko ng'ambo, wanafunzi wenzangu wametapakaa dunia nzima, na mimi niko kwa saiba ya Zulekha, duka la intaneti karibu na msikiti, nangoja ukurasa ufunguke.

Jamani, nilijiona! Elimu ilinipanda kichwani kama pombe ya busaa kwa mtu asiyeizoea. Nikienda nyumbani siwezi kuona gazeti limefungiwa nyama bila kutoa hotuba. Picha za ukutani nilizishusha, ati jua linaziharibu. Kaka yangu Wekesa akawa ananitania, "Madam Maktaba amefika! Ficheni sufuria zisipewe namba." Tulikuwa tukicheka sote.

Kisha Baba akafa.

Alikufa kwa kifua, kule Tongaren tulikokuwa na shamba la mahindi. Mama ndiye aliyemuuguza, mpaka naye akaanguka. Siku tunamzika Baba nyumbani Kabuchai, Mama alikuwa amelazwa Bungoma, TB imemshika, anadungwa sindano kila siku. Hakumzika mume wake. Na ndugu zake Baba wakaanza kunong'ona kwamba ni yeye aliyemletea Baba kikohozi. Kwamba alijua akaficha. Kwamba amemuua.

Sisi Wabukusu, mzee wa heshima akishazikwa hufanyiwa kumuse. Anakuja mfariji, mtu wa ukoo wenye kipawa hicho, na watu wanaketi chini kimya. Hakuna anayepita mbele yake. Anatembea huku na huku na fimbo yake, anasimulia tulikotoka, anakemea, anapatanisha. Alichosema hapo kimesemwa. Hakibishiwi, na hakirudiwi. Huwezi kumwendea wiki ijayo umwombe akusemee tena.

Kwenye kumuse ya Baba, mfariji alisimama ghafla mbele ya baba zetu wadogo. Akamtaja Mama kwa jina. Akauliza ni nani mwenye mdomo wa kusema mwanamke huyu ameua, ilhali alilala sakafuni kando ya mgonjwa wake mpaka akaugua yeye. Akasema aliyemnyoshea kidole akikunje sasa hivi. Baba zetu wadogo waliinamisha vichwa. Nilikuwepo, nililia mpaka leso ikalowa.

Wekesa alikuwa ameomba ruhusa kwa wazee, akarekodi yote kwa redio kaseti yake. Alimrekodia Mama.

Sasa sikia nilichofanya.

Mama aliporuhusiwa kutoka hospitali, amebaki mifupa, kitu cha kwanza alichoomba, hata kabla ya chai, kilikuwa ile kanda.

"Watu wameniambia vile alisema," alituambia. "Lakini kuambiwa si kusikia. Niwekeeni nisikie mwenyewe."

Wekesa akaanza kupangusa vumbi kwenye redio. Mimi nikanyosha mkono. "Hapana! Hiyo redio inakula kanda. Hii ndiyo ya asili, na ya asili haichezwi kabla ya kutolewa nakala."

"Ati nini?" Wekesa akauliza.

"Ndivyo tunafundishwa. Nitaiingiza kwa kompyuta, niisafishe, nilete CD. Itadumu mpaka wajukuu wasikie."

"Bana, hii si kanda ya shule, ni ya Mama. Si asikie tu mara moja halafu uende nayo?"

"Na ikikatika? Utamwita mfariji arudie?"

Wekesa akaiacha redio. Mama akaniangalia, akaniita mayi, yaani mama, kama anavyoniita akiwa na shida, kwa sababu nimerithi jina la mama mkwe wake. "Mayi, hata kidogo. Pale tu ananitaja."

Nikamjibu, "Haraka haraka haina baraka, Mama."

Ole wangu! Methali ilinijia upesi hivyo, huruma ikachelewa.

Nilirudi Kitale na kanda ndani ya kopo la biskuti. Nilivunja vile vimeno viwili vya plastiki juu ya kanda ili mtu asije akarekodi juu yake. Nikaipa namba, nikaibandika karatasi yenye maelezo. Zulekha wa saiba alikuwa na waya wa kuunganisha redio na kompyuta. "Lete hata kesho, dada," akaniambia. "Hiyo ni kazi ya mchana mmoja."

Mchana mmoja! Na sikumpelekea.

Hapa ndipo dhambi yenyewe ilipo, usidhani ni pale kwa redio. Pale naweza kusingizia kwamba niliogopa kanda isikatike. Ukweli ni kwamba nilikuwa na mradi wa kumalizia masomo, nao ulikuwa juu ya uhifadhi. Wenzangu wangeleta magazeti ya zamani na picha za mababu. Mimi ningeleta sauti ya kumuse! Mwalimu alitaka kazi ionyeshwe hatua kwa hatua, tangu kitu kikiwa hakijaguswa, na hatua ya kwanza isianze kabla mada haijakubaliwa. Nikaona nikitoa nakala mapema nitajiharibia mpangilio. Basi nikangoja. Mahindi ya Tongaren yalipandwa nangoja, yakapaliliwa nangoja.

Mama alikuwa akinipigia kwa simu ya Wekesa. "Kanda imefika wapi?" Namwambia iko njiani. Siku moja akasema masikio yanamlilia, kana kwamba kuna mtu anapiga filimbi humo ndani mchana kutwa. Nikamwambia ni udhaifu wa ugonjwa, anywe maji, ale vizuri. Nilikuwa kwa saiba, ukurasa ndio kwanza umefunguka, sikutaka maongezi marefu.

Nilienda kumwona mara moja, wakati wa palizi. Alinisalimu kwa sauti ya juu, na aliendelea hivyo hivyo, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Nilikuwa nimechoka na safari. Unajua nilimwambia nini?

"Mama, punguza sauti, mimi si kiziwi!"

Alinitazama mdomo, akatabasamu. Kisha akaniuliza habari ya kanda. Nikamwambia bado.

Baada ya hapo simu zikapungua. Nikipiga, Mama anasema maneno mawili na kumrudishia Wekesa. Nikadhani amenikasirikia. Wekesa ndiye aliyenieleza kwamba Mama anasikia kwa shida, na daktari anasema ni zile sindano, huwa zinaharibu masikio ya watu wengine.

Ungefikiri nilipanda gari siku hiyo hiyo. Sikupanda! Mada yangu ilikuwa imekubaliwa wiki ile ile, na nilikuwa na tarehe ya kukabidhi kazi. Nikajiambia nitamletea ikiwa na sauti kubwa. Ndivyo nilivyowaza, mtu mzima mwenye akili zake.

Mradi ulipita vizuri sana. Mwalimu akaniandikia kwamba kazi yangu ni mfano wa jinsi ya kuheshimu chanzo cha habari. Barua pepe ile niliichapisha, nikamwonyesha Zulekha, nikamwonyesha hata bawabu wa shule.

Nilifika Kabuchai mahindi yakiwa yameanikwa uani. Nilikuwa na CD katika jalada lenye picha ya Baba, na redio kubwa niliyoazimwa na Zulekha. Mama alipoona jalada alienda chumbani, akarudi amefunga kitambaa chake cha kanisani. Akaketi mbele ya redio, mikono magotini. Wekesa na mkewe wakaja wakakaa.

Nikabonyeza. Sauti ya mfariji ikatoka safi, haina mikwaruzo, mpaka unasikia fimbo ikigonga ardhi. Wekesa akaanza kulia. Mimi nilikuwa nikimtazama Mama, nangojea furaha iingie usoni pake.

Mama akatuangalia mmoja mmoja. Halafu akasema, kwa ile sauti yake ya juu, "Si muanze?"

Mungu wangu!

Niliongeza sauti mpaka mwisho. Redio ikakoroma, majirani wakaja kuchungulia. Mfariji akafika pale anapomtaja Mama. Jina lake lilijaa nyumba nzima, na mwenyewe alikuwa ameinamia redio, amekunja uso, anatafuta kusikia. Aliweka kiganja juu ya spika.

"Inatetemeka," akasema. "Amefika wapi sasa?"

Wekesa akafuta machozi, akaniambia bila kuniangalia, "Mwezi uliopita alikuwa bado anasikia, ukiongea karibu na sikio."

Nilimshika Mama kichwa, nikaweka mdomo kwenye sikio lake, nikapiga kelele kama mwendawazimu. "Amesema hukumuua! Amewakemea mbele ya watu!" Nilirudia mpaka koo likauma. Mama hakusoma shule, kwa hiyo kuandika kusingesaidia; nikamfanyia na ishara za mikono. Mkewe Wekesa naye akaja upande wa pili akapiga kelele yake. Sijui yalimfikia mangapi, lakini maana aliipata, kwa sababu alinipapasa bega na kuniambia maneno ambayo hayajaniacha hata siku moja.

"Wewe ni mtoto wangu, utasema nini kingine? Nilitaka nisikie yeye."

Nilipiga magoti nikalia. Akaniinua. Akasema, "Si ulikuwa unasoma." Hakuwa ananikejeli. Angenikejeli, angenitukana, pengine ningepata nafuu! Alisema kama mtu anayemtolea mwanawe udhuru kwa wageni. Wekesa alizima redio akatoka.

Stashahada niliipata. Nina ofisi yangu sasa, na wadogo kazini wananiita madam. Nakala ya kumuse ile niliiambatanisha na mradi, kwa hiyo kuna watu huko ng'ambo wameisikiliza, watu wasiomjua Mama wala Baba, wasiojua hata Kabuchai iko wapi. Walioifuata kwa maelezo yangu wakaisifu. Mwenye kumuse yake ndiye hajaisikia.

Mama yuko hai. TB ilipona. Analima, anachambua maharagwe, anaenda kanisani na kuimba akiwatazama wengine midomo, na wimbo ukiisha yeye bado anaendelea. Wanakwaya huwa wanamngoja amalize. Hilo naweza kulivumilia.

Nisichoweza kuvumilia ni siku baba zetu wadogo wanapotutembelea. Wao ndio walioinamisha vichwa siku ile, walikemewa wakakemeka, na tangu hapo hawajamsema vibaya. Lakini Mama akiwaona anainama yeye! Anawaandalia chai, anaiweka mezani, anarudi jikoni haraka kama mtu mwenye deni. Hana hakika. Anahofia kwamba sisi watoto wake tulimpambia maneno ili apone, na hatukuthubutu kumweleza yaliyosemwa kweli. Kitu pekee ambacho kingemtoa shaka kilikuwa mkononi mwangu, msimu mzima.

Juzi aliniuliza kama mfariji alimtaja jina lake, au alisema tu "mke wa marehemu." Niliitikia kwa kichwa kwa nguvu zote. Kisha nikaona sikumjibu kitu, kwani aliuliza mambo mawili. Nikajaribu tena kwa vidole, kwa midomo, akacheka akasema niache, tutaongea siku nyingine.

Ewe unayesoma, kwa mtandao ama darasani, soma. Masomo siyalaumu. Mwalimu wangu hakuniambia nimnyime mama yangu; hilo nililitunga mwenyewe, kwa majivuno yangu. Lakini ukirudi kwenu na ujuzi wako mpya, kabla hujagusa kitu cha mtu muulize anakitakia nini, na akikuambia anakitaka leo, usimpangie mwaka. Wazee wetu hawatuelezi wanachohofia. Wanaomba mara moja, wanaomba mara ya pili kwa upole, halafu wananyamaza, na sisi tunadhani wameridhika.

Nami ningerudishiwa siku ile moja, ningeiweka kanda kwenye redio mbovu ya Wekesa na kukaa chini. Ikiliwa, basi iliwe! Afadhali ingekatika vipande mbele yetu sote, Mama akiwa ameshasikia jina lake.