Maji Aliyotema Nekesa

Nilipokuwa darasa la sita, miaka michache tu baada ya Uhuru, mwalimu wetu alitutoa shuleni karibu na Nambale akatupeleka kupiga kambi juma zima upande wa Malaba. Tulipanda miamba, tukavuka mto kwa kamba, tukalala juu ya nyasi kavu katika darasa la kuazima. Sijawahi kufurahi vile tena, na nasema hivyo kwa uchungu.

Nililala ubavuni mwa Nekesa, rafiki yangu. Ilisemekana kwao wana jicho: nyanya yake akikutazama ukila, chakula kinakugeuka tumboni. Kwa sababu hiyo, shuleni Nekesa alikula peke yake nyuma ya darasa. Kule kambini, siku ya pili, nilimwita tukala sahani moja, na wengine wakazoea. Juma lile alicheka kuliko mwaka mzima.

Asubuhi ya kurudi nyumbani, tukingoja lori la pamba lije kutuchukua, mwenzetu Sela alianguka chini akishika tumbo. Alikuwa amekunywa uji mkabala na Nekesa. Lakini mimi nilijua kinachomsumbua. Jioni iliyotangulia, mimi na Sela tuliiba mapera mabichi katika shamba la kanisa, tukayala mpaka meno yakaingia ganzi. Mwalimu alikuwa ameapa kwamba atakayegusa shamba lile atachapwa viboko sita mbele ya wazazi, na baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Nikafyata ulimi.

Mwalimu alikuwa ameenda barabarani kuangalia lori. Mama mpishi aliacha sufuria alizokuwa akiosha, akauliza Sela alikula na nani. Vidole vyote vikamwelekea Nekesa.

"Wewe, kuja hapa," mama mpishi akamwita. "Kama ni wewe, mtolee huyu mtoto. Hakuna mtu atakupiga."

"Mama, mimi sijafanya kitu."

"Sasa kama hujafanya, maji itakudhuru nini? Ama unataka afe?"

Dawa yenyewe kila mtoto wa kwetu aliijua: mwenye jicho hupiga funda la maji, akalitema kikombeni, mgonjwa akanywa. Nekesa alinitazama mimi, hakutazama mtu mwingine. Nikainama nikajifanya nafunga kifurushi changu, na kilikuwa kimefungwa tangu alfajiri.

Sela akalia tena. Nekesa, kwa huruma tu, akapokea kikombe, akatema. Sela akanywa, akatapika, akakaa kitako akaomba uji mwingine. Matapishi yalikuwa yamejaa mbegu za mapera, lakini nani alikuwa na haja ya kuyaangalia? Mama mpishi aliyafukia kwa majivu huku akimshukuru Mungu.

Ndani ya lori watoto walibanana upande mmoja, Nekesa akaachiwa upande wake. Nami nilibanana na wenzangu. Muhula uliofuata hakurudi shuleni. Watu walisema hakusingiziwa, maana alikiri mwenyewe kwa kukubali kutema.

Miaka mingi baadaye nilimkuta Busia sokoni, akiuza omena, dagaa wa ziwani. Tulisalimiana vizuri, akaniuliza habari za watoto. Nikaletewa chai na mandazi kutoka kibanda cha jirani, nikamkaribisha. Akakataa kwa upole, kisha akageuza kiti chake, akaangalia ukuta.

"Kula tu, dada," alisema. "Sitaki ikupate."

Mama mpishi nilishamsamehe zamani, kwa kuwa aliamini alichokifanya. Sela alikuwa mgonjwa. Mimi ndiye niliyejua, na sasa nilikuwa mtu mzima, baba yangu yuko kaburini, hakuna mwalimu wala kiboko. Neno moja tu lingetosha kumgeuza Nekesa anitazame usoni.

Nikameza andazi langu, nikamuuliza kama omena wake ni wa jana au wa leo.